Je, Wajua? Karanga hujificha jikoni China

Je, wajua kwamba China ndiyo inayozalisha karanga nyingi kuliko nchi yoyote duniani? Kwa mgeni mwenye mzio wa karanga, hiyo si habari njema.

Karanga zinazoonekana hazimsumbui sana: akiagiza gongbao jiding, vipande vya kuku vyenye pilipili vya Sichuan, anaziona juu ya sahani. Hatari ni mafuta. Migahawa mingi, hasa ya kusini, hukaangia mboga kwa mafuta ya karanga, na karai lilelile hupika chakula cha meza ya pili. Mwenye mzio wa ngano naye hana raha, kwani sosi ya soya, ambayo haikosekani jikoni, kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano.

Na lebo za madukani? Kwa kanuni ya mwaka 2011, kutaja vyakula vyenye kuleta mzio kulikuwa hiari tu. Kanuni mpya, iliyotangazwa Machi 2025, inalazimisha kutaja makundi manane kwenye vyakula vilivyofungashwa, yakiwemo karanga, mayai, maziwa na samaki, kuanzia Machi 2027. Ajabu ni kwamba ufuta, ambao rojo lake hupendwa sana Beijing, haumo.

Unasafiri kwenda huko? Beba kadi iliyoandikwa mzio wako kwa Kichina, mwonyeshe mpishi mwenyewe, na ubebe dawa zako kutoka nyumbani. Namba ya gari la wagonjwa ni 120.