Tusizike tarakilishi za shule zingali hai

Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga. Methali hii ilinijia akilini nilipoketi katika kikao cha shule moja ambacho ajenda yake ilikuwa fupi mno. Tarakilishi 18 za maabara ziondolewe, ziuzwe kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, kisha wazazi waombwe kuchanga ili mpya zinunuliwe. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja tu: mashine hizo ni nzito kupita kiasi. Mwanafunzi akiiwasha yake kengele inapolia, robo ya kipindi cha dakika 40 huenda ikaisha kabla hajaona jedwali lake kwenye skrini.

Ajuaye mtihani wa KCSE wa somo la kompyuta ataelewa kwamba hili si jambo la mzaha. Karatasi ya pili ya somo hilo ni ya vitendo. Hufanywa kwa saa mbili na nusu, na saa ya ukutani haimngojei mtahiniwa ambaye mashine yake ingali inagugumia. Kwa hivyo waliotaka mashine ziondolewe hawakuwa wajinga wala wabadhirifu. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba mgonjwa hakuwa na ugonjwa waliomdhania.

Niliomba ruhusa ya kufungua moja kwa bisibisi, nikapewa, ingawa kwa shingo upande. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kuotesha kunde. Lakini bongo la mashine lilikuwa Core 2 Duo, ukoo uliotolewa na kampuni ya Intel mwaka 2006, na kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti 4. Hicho si kifaa cha kutupwa iwapo kazi yake ni kuchapa insha, kukokotoa majedwali na kufundisha uandishi wa programu. Kilichoivuta nyuma ni diski.

Diski ya zamani ni sahani zilizopakwa dutu ya sumaku, ambazo huzunguka huku mkono mdogo ukipita juu yake kusoma na kuandika. Babu yake ni mtambo wa IBM ulioitwa RAMAC, wa mwaka 1956, uliokuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 na kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Tangu hapo sahani zimepungua ukubwa na kuongezeka uwezo kwa namna ya kustaajabisha, ila jambo moja halikubadilika: lazima kitu kisogee mahali fulani kabla ya data kupatikana.

Walimu wa fizikia na wanafunzi wao wapige hesabu hii pamoja nami. Sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 8.3, na kwa wastani data hungojewa nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4.2 hivi. Mkono nao hutumia kama milisekunde 9 kufika mahali pake. Jumla ni milisekunde 13, kwa hivyo diski hiyo haiwezi kujibu zaidi ya maombi 75 hivi kwa sekunde iwapo data imetawanyika. Tarakilishi inapoamka huomba vijisehemu vidogo vidogo kwa maelfu, kimoja huku, kingine kule. Hapo ndipo dakika za kipindi zinapozikwa.

Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Ni vipande vya silikoni vinavyohifadhi chaji za umeme, kwa teknolojia ya flashi iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, huko Japani, katika miaka ya 1980. Data hupatikana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Tofauti hiyo ni ya zaidi ya mara mia.

Mwenzangu mmoja alinipinga, tena kwa hoja nzuri. Alisema mashine kuukuu ina njia ya SATA ya kizazi cha pili, ambayo hupitisha takriban megabaiti 300 kwa sekunde, nusu ya ile ambayo diski mpya inaweza. Je, si kumfunga farasi kwenye mkokoteni wa punda? La, hasha. Abiria anayeelekea Busia kwa matatu hupoteza muda mwingi stejini akingoja gari lijae. Ukimwondolea kungoja huko atafika mapema hata barabara ikiwa ni ileile. Faida ya SSD katika mashine ya zamani ni kuondoa kungoja. Kasi ya barabara ni jambo la baadaye.

Tuliruhusiwa kununua diski moja ya majaribio. Mashine iliyokuwa ikichukua zaidi ya dakika sita hadi kufaa kwa kazi ikawa tayari chini ya dakika moja. Kikao kilichofuata hakikuwa na ubishi mwingi.

Hata hivyo, kazi yenyewe ina mitego, na wengi hukata tamaa hapo. Kwanza ni ununuzi. Katika maduka ya Luthuli Avenue utaonyeshwa SSD za maumbo mbalimbali, nyingine nyembamba kama kipande cha ubani. Hizo ni za M.2, na mashine ya miaka hiyo haina mahali pa kuzichomeka. Inayotakikana ni ya SATA yenye upana wa inchi 2.5. Ni ndogo kuliko nafasi ya diski ya zamani, lakini kwa kuwa ni nyepesi na haitikisiki, skrubu moja au mbili hutosha kuishikilia. Ukiuziwa yenye ujazo mkubwa ajabu kwa bei ya bure, ijaze data yote kisha uisome tena kabla ya kuiamini, kwani bandia zipo. Mashine za kale zaidi, zile za waya bapa mpana wa IDE, naziacha kando. Adapta zake zipo, lakini kwa shule ni kujisumbua bure.

Pili ni mpangilio wa msingi wa mashine, ule unaoitwa BIOS. Humo mna kipengele cha namna ya kuongea na diski, na katika mashine nyingi kuukuu kimeachwa kwenye IDE. Kibadilishe kiwe AHCI kabla ya kuweka mfumo wa uendeshaji. Ukiweka Windows ya zamani kwanza, kisha ukibadilishe baadaye, utakaribishwa na skrini ya buluu. Vilevile usinakili diski nzima ya enzi za Windows XP kama ilivyo. XP ilianza kugawa diski kwenye sekta ya 63, na flashi hupangwa kwa kurasa kubwa zaidi, hivyo kila maandishi huangukia kurasa mbili badala ya moja. Ni kama mtoto anayeandika juu ya mistari ya daftari badala ya kati yake. Anza upya.

Kuhusu mfumo wenyewe, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine za umri huu. Sisi tuliweka Linux pamoja na LibreOffice, zote bila malipo. Mwalimu wa somo ahakikishe mapema, hata hivyo, kwamba programu hizo zinakubalika katika mtihani.

Nisidhaniwe kuwa ninauza dawa ya magonjwa yote. Kati ya zile 18, tatu zilikuwa maiti kweli, kapasita zake zimevimba kama maandazi, nasi tukazitoa vipuri. SSD nayo hufa, na aghalabu hufa kimya, bila ule mgongano unaomwonya mwenye diski ya sahani. Nakala za alama zihifadhiwe mahali pengine. Na diski zilizotolewa zisiuzwe hivi hivi. Za kwetu zilikuwa na matokeo na majina ya wanafunzi wa miaka mingi, mambo ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haituruhusu kuyatawanya sokoni.

Mashine moja tuliibakizia Windows ya zamani kwa ajili ya programu ya maktaba. Hiyo ndiyo iliyotutesa. Kila asubuhi ilitoa skrini ya buluu, tukaingia kwenye mpangilio, tukakuta AHCI imegeuka tena kuwa IDE, tukairekebisha, ikafanya kazi vizuri hadi jioni. Wiki nzima. Uvumi ukaanza kwamba diski mpya ni mbovu, na wale waliotaka kuuza kwa kilo wakaanza kukohoa kwa maana. Siku ya tano msichana wa kidato cha pili, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akauliza, "Mwalimu, mbona ukurasa huu unasema leo ni Januari 2007?"

Betri. Kijibetri cha CR2032, cha mviringo kama sarafu, ndicho huilinda saa na mpangilio wa mashine umeme unapozimwa ukutani. Chetu kilikuwa kimekwisha, na kila usiku mashine ilisahau kila kitu. Tulinunua kingine katika kibanda cha fundi wa saa. Kesho yake msichana yule alifika kabla ya kengele, akaiwasha mwenyewe, nayo ikawa tayari kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni.