Kirusi Kilichokufa Tukiwa Ndani

Jirani yangu wa Likoni, bibi wa wajukuu watano, ana kalenda yake ya magonjwa. Mvua za masika zikikaribia hununua tangawizi na ndimu kwa mafungu, maana anajua pua zitaanza kuchirizika nyumba nzima, kuanzia kwa yule mdogo wa chekechea mpaka kwake mwenyewe. Mwaka 2020 tangawizi ilimkaukia jikoni.

"Mwanangu, wewe wa maabara," aliniuliza tumekaa barazani, kila mtu na barakoa yake, "mbona hawa mwaka huu hawapigi hata chafya? Au korona imeyala mafua?"

Nilicheka, nikasema watoto wamepumzika tu. Lilikuwa jibu la uvivu. Swali lake ndilo walilokuwa wakijiuliza wataalamu wa maabara za homa ya mafua duniani kote, na hatimaye tulichogundua ni kwamba katika miezi ile ya kujifungia, aina nzima ya kirusi cha homa ya mafua ilitoweka. Hatukuilenga, na wala hakuna aliyetunga mpango wa kuiangamiza. Tulikuwa tunakimbia adui mwingine, tukamkanyaga huyu njiani.

Msomaji anaikumbuka hali ilivyokuwa. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Shule zikafungwa baada ya siku chache, na kuanzia tarehe 27 kafyu ikatuingiza ndani saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili ilipoingia, Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale hazikutokeka wala kuingilika. Shule hazikufunguka kwa madarasa yote hadi Januari 2021. Hasara ya miezi ile siifichi: kuna vibarua walioshinda njaa, na kuna wasichana ambao hawakurudi darasani tena. Faida ninayoieleza hapa haifidii hayo. Lakini ilikuwepo.

Marekani, ambako kila mtoto anayekufa kwa homa ya mafua huandikwa, msimu wa 2019 hadi 2020 waliandikwa watoto 199. Msimu uliofuata aliandikwa mmoja.

Ili kuelewa kwa nini, tupige hesabu ndogo. Mgonjwa mmoja wa homa ya mafua, kwa wastani, humwambukiza mtu mmoja na ushei, tuseme 1.3. Wagonjwa 10 huzaa 13, na hao 13 huzaa 17. Kila kizazi cha ugonjwa huchukua siku tatu hivi, kwa hiyo kwa mwezi mmoja vinapita vizazi kumi, na ule mnyororo ulioanza na watu 10 unafika 138. Sasa wazuie watu wasikutane, mikutano yao ipungue nusu. Ile 1.3 inakuwa 0.65. Wagonjwa 10 wanazaa sita au saba, hao wanazaa wanne, kisha watatu, na kabla mwezi haujaisha mnyororo umekatika.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa korona ya mwanzo, ambayo mgonjwa mmoja aliwaambukiza wawili hadi watatu. Chukua 2.5, ikate nusu: 1.25. Bado iko juu ya moja, bado inapanda, ila kwa mwendo wa pole. Kisu ni kile kile, lakini mmoja kilimchinja na mwingine kikamjeruhi tu. Watu wengi walilalamika kwamba kukaa ndani hakukusaidia kitu kwa sababu korona iliendelea. Walikuwa wanautazama moto wa makuti, ambao hata ukiumwagia maji bado unaruka paa kwa paa. Homa ya mafua ni moto wa kuni mbichi: usipokuwepo mtu wa kuupuliza, unazima wenyewe. Na mpulizaji wake mkubwa ni mtoto wa shule, anayeubeba kutoka dawati hadi mkekani kwa nyanya yake.

Nadharia ya jirani yangu kwamba korona iliyala mafua nayo si ya kuchekwa. Kweli kuna nyakati kirusi kimoja kikishika njia ya pumzi, kinga ya mwili inayoamka hukizuia kingine kuingia. Ila kwa lililotokea 2020, hesabu ya kukutana inatosha kueleza sehemu kubwa.

Sasa nimtaje marehemu. Homa ya mafua inayozunguka kwa binadamu kila mwaka ina makundi mawili makuu, A na B. Kundi A ni la ndege pia, na la nguruwe. Hata ukilifagia kwa watu, lina pa kujificha. Kundi B limekuwa karibu mali ya binadamu peke yake. Katika miaka ya 1980 kundi hili liligawanyika koo mbili, zikapewa majina ya mahali zilikotoka sampuli zake: Victoria, sampuli ya 1987 kutoka Australia, na Yamagata, sampuli ya 1988 kutoka Japani. Kwa zaidi ya miaka 30 koo hizi zilipokezana misimu. Msimu wa 2017 hadi 2018 Yamagata ndiyo iliyotamba katika nchi nyingi. Baada ya hapo ikaanza kudhoofika: ilikuwa inabadilika polepole kuliko ndugu zake, na watu wengi walikuwa tayari na kinga dhidi yake. Hapo ndipo dunia ilipofunga milango. Mara ya mwisho kirusi cha Yamagata kuthibitishwa kwa mgonjwa aliyekipata kwa njia ya kawaida ni Machi 2020.

Wenzake waliokoka kwa bahati ya jiografia. Homa ya mafua haikulala dunia nzima kwa usiku mmoja. Mwaka huo huo wa 2020 kulikuwa na milipuko Kambodia na Afrika Magharibi, na kutoka meko ya namna hiyo moto ukasambaa tena safari za ndege ziliporudi. Yamagata haikuwa na jiko popote, wala ndege wala nguruwe wa kuihifadhi.

Kuna kirusi kingine kilichotukejeli. Mafua yale mepesi, ya kupiga chafya bila kulazwa, mara nyingi huletwa na virusi vya rino, na hivi havikwenda popote. Hong Kong shule zilipofunguliwa mwishoni mwa 2020, watoto wakiwa na barakoa zao, mafua ya rino yalilipuka kiasi cha baadhi ya shule kufungwa upya. Homa ya mafua na korona zimevaa koti la mafuta, na sabuni hulirarua kama inavyoyeyusha mafuta kwenye sufuria. Rino haina koti. Haina cha kuraruliwa, na hukaa kwenye mikono na vitasa vya milango ikisubiri. Wale wanaodhani mtungi wa maji na sabuni mlangoni ulifukuza kila kitu, wajue uliwafukuza waliovaa vizuri tu.

Tena kuna deni. Kirusi kinachoitwa RSV, ambacho hujaza wodi za watoto wachanga na ambacho watafiti wa Kilifi wamekifuatilia kwa miaka mingi, nacho kilinyamaza kwa muda. Kiliporudi, kilirudi nje ya ratiba: Australia Magharibi wakati wa kiangazi chao mwishoni mwa 2020, Marekani katikati ya 2021. Kilikuta watoto wa umri wa miaka miwili ambao hawajawahi kukutana nacho, juu ya wachanga wa kawaida. Kinga ya utotoni hujengwa kwa kuugua kidogo kidogo, na nyumba iliyofungwa haijengi.

Kwa Yamagata, hata hivyo, hakuna aliyerudi kudai. Mara chache baada ya 2020 maabara fulani hutangaza imeiona, na kila ikichunguzwa huonekana ni kosa la kipimo, au ni kirusi dhaifu cha chanjo ya kupuliza puani. Hilo la mwisho nalo liliwaamsha wakuu wa afya. Kwa miaka mingi chanjo ilibeba virusi vitatu: viwili vya A na kimoja cha B, na wataalamu walilazimika kubahatisha ni ukoo upi wa B utakaotawala. Walipochoka kukosea, kuanzia 2012 hivi wakaongeza cha nne ili koo zote mbili ziwemo. Sasa chanjo ilikuwa inalinda watu dhidi ya kirusi kisichokuwepo mitaani, na ile ya puani ilikibeba kikiwa hai. Septemba 2023 Shirika la Afya Duniani likasema Yamagata haina haja ya kuwemo tena. Msimu wa 2024 hadi 2025 Marekani ikarudia chanjo ya virusi vitatu, na nafasi iliyobaki viwandani, ambako chanjo nyingi bado huoteshwa ndani ya mayai ya kuku, ikawa ya kazi nyingine.

Nilipata nafasi ya kumlipa jirani yangu jibu lake mwaka jana, tukiwa pale pale barazani, ndimu zimemenywa na mjukuu mmoja anakohoa ndani. Alisikiliza hesabu yote bila kunikatiza.

"Basi huyo mmoja amekufa kweli?"

"Mitaani, ndiyo, Bibi."

"Na mmemzika wapi?"

Nikamwambia hajazikwa. Yuko ndani ya vichupa, kwenye friji za maabara kadhaa duniani, kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Alinitazama kwa muda. "Mlango wa friji hizo," akasema, "mnaufunga na kufuli?"