Je, bendi ya mashinani inahitaji tarumbeta ya mamilioni?

KATIKA miji ya Kitale na Bungoma, pamoja na vijiji vilivyo baina yake, mlio wa matarumbeta si jambo geni. Bendi za Jeshi la Wokovu huandamana barabarani Jumapili asubuhi, na wakati wa harusi au mazishi hualikwa kuongoza msafara.

Utamaduni huu una mizizi mirefu. Bendi ya kwanza ya Jeshi la Wokovu ilikuwa ya Charles Fry na wanawe watatu mjini Salisbury, Uingereza, mwaka wa 1878. Kanisa hilo lilianza kazi rasmi nchini Kenya mwaka wa 1921, na leo lina wafuasi wengi magharibi mwa nchi, ambako makao yake makuu ya eneo hilo yako Kakamega.

Hata hivyo, ala huchakaa. Inapofika siku ya kuchanga pesa za kununua nyingine, huzuka mjadala ambao umewahi kugawanya bendi nyingi: je, pesa zote zitumiwe kumwagizia mpulizaji hodari ala moja bora iliyotengenezwa kwa vipimo vyake, au zinunue ala kadhaa za kawaida?

Bei yenyewe si ya mzaha. Tarumbeta za fundi David Monette wa Portland, Marekani, ambaye mteja wake mashuhuri ni mwanamuziki Wynton Marsalis, zinaweza kugharimu zaidi ya dola 10,000. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni zaidi ya Sh1.3 milioni. Juu ya hapo kuna nauli, bima, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16.

Kwa upande mwingine, koneti ya kawaida ya mwanafunzi hupatikana kwa mamia machache ya dola. Kwa hivyo anayetaka ala ya kuagizwa anapaswa kueleza ni nini hasa kinachonunuliwa kwa tofauti hiyo.

Kinacholeta sauti

Ala hizi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, na mara nyingi shaba huwa karibu asilimia 70. Fundi wa ala za kuagizwa humwuliza mteja aina ya madini, unene wa bati, upana wa mrija na hata kama anataka ipakwe fedha au vanishi.

Kisayansi, kinachotoa sauti si bati bali ni hewa iliyo ndani ya mrija, ambayo hutikiswa na midomo ya mpulizaji. Umbo la mrija, hasa pale mwanzoni karibu na mdomo, ndilo lenye usemi mkubwa.

Mtaalamu wa Uingereza Richard Smith, aliyewahi kubuni ala katika kampuni ya Boosey & Hawkes, aliwapa wapulizaji stadi tromboni ambazo sehemu pana ya mbele ilikuwa ya unene tofauti, bila wao kujua ni ipi. Walishindwa kuzitofautisha. Matokeo hayo hayamaanishi kuwa ala zote ni sawa, bali kwamba si kila kinacholipiwa kinasikika.

Ubora unaosikika na kuhisika upo kwingine: pistoni zinazoteleza bila kukwama, viungo visivyovuja hewa, na noti zinazokaa mahali pake kutoka chini hadi juu. Sifa hizo zinapatikana pia katika ala nzuri za kiwandani, kwa bei ya chini kuliko ya kuagizwa.

Aidha, kuna kidomo, yaani kile kikombe kidogo ambacho mpulizaji hubandika midomo yake. Kukibadilisha ili kilingane na meno na midomo ya mtu hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya ala mpya. Ni busara kuanzia hapo kabla ya kulaumu tarumbeta nzima.

Urithi wenye kasoro

Wakati mwingine lawama huwa ya haki. Bendi nyingi za Uingereza, zikiwemo za Jeshi la Wokovu, zilitumia ala za sauti ya juu hadi katikati ya miaka ya 1960, ambapo noti ya A ilikuwa mitikisiko 452.5 kwa sekunde badala ya 440 ya kawaida. Jeshi la Wokovu lilikuwa hata na kiwanda chake cha ala mjini St Albans, kilichouzwa kwa Boosey & Hawkes mwaka wa 1972.

Ala ya zama hizo ikichanganywa na za kisasa, hupaa kwa karibu robo toni. Mpulizaji atalaumiwa bure ilhali kosa ni la chombo. Programu ya simu ya kupimia noti inatosha kufichua siri hiyo.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake ni za baridi. Bungoma iko chini zaidi na ina joto. Hewa iliyo ndani ya ala ikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi, sauti hushuka kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Tarumbeta ya milioni moja nayo haiepuki kanuni hiyo. Dawa yake ni kuipasha joto kwa kupuliza kabla ya kuanza.

Nani atabaki nayo?

Swali zito zaidi ni la umiliki. Ala iliyokatwa kwa vipimo vya mtu mmoja humfaa huyo. Bendi ikiinunua kwa michango ya waumini, kisha kijana huyo aajiriwe katika bendi ya polisi, magereza au jeshi, atakayemrithi huenda asiiweze. Kuiuza upya Kitale au Bungoma pia si rahisi, kwa kuwa wanunuzi wa ala za bei hiyo ni wachache.

Kuna ukarabati vilevile. Litungu la Wabukusu likiharibika, fundi wa kijijini hulitengeneza. Pistoni iliyokwaruzwa, kwa upande mwingine, huhitaji fundi wa ala aliye na vifaa maalumu, na kipuri cha ala ya kipekee huenda kikalazimu kuagizwa ng'ambo.

Hata hivyo, yapo mazingira ambapo ala ya kuagizwa ina thamani yake. Mwanamuziki anayejipatia riziki kwa kupuliza peke yake jukwaani, na ambaye amekwisha kufikia upeo wa ala ya kiwandani, anaweza kuinunua kwa pesa zake. Mwingine ni mtu mwenye ulemavu wa mkono au vidole. Kwake, kubadilishiwa mahali pa pistoni si anasa; ndiko kunakoamua kama atapuliza au la.

Kwa wengine wote, ni vyema kupima kabla ya kulipa. Ala mbili zipulizwe na mtu yuleyule, wimbo uleule, huku wasikilizaji wakiwa wamegeuza migongo nyuma ya kanisa. Wakishindwa kutambua ipi ni ghali, jibu limepatikana.

Anayenunua ala iliyotumika naye achomoe mirija akague kama inateleza, abonyeze pistoni zote, na atazame madoa mekundu karibu na kidomo. Madoa hayo ni dalili kuwa zinki imeanza kuliwa na kwamba bati litatoboka.

Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali, na ni kweli kwamba tarumbeta duni humkatisha tamaa mwanafunzi. Lakini bendi huhesabiwa kwa sauti ya pamoja. Pale ambapo watoto watano husubiri zamu ya koneti moja, Sh1.3 milioni zinazomezwa na ala moja ni watoto wanaorudi nyumbani bila kujifunza.