Mswaki: hazina ya nyanda kame isiachwe ipotee

Brashi ya plastiki tuinunuayo dukani imeazima jina lake kwa mti. Mswaki, ambao Waarabu huuita araki, ni kichaka cha kijani kibichi chenye matawi yaliyosongamana na kuinamia ardhini. Huota katika nyanda kame za Dodoma na Singida, ambako mvua ina msimu mmoja tu kwa mwaka, na hustahimili hata udongo wa chumvi unaoishinda mimea mingi.

Wafugaji wanaujua thamani yake. Malisho yanapokauka, mifugo hula majani yake, na mchungaji hujipumzisha kivulini mwake. Vitunda vyake vidogo navyo huliwa. Imepokewa kutoka kwa Jabir (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Maswahaba walikuwa wakichuma matunda ya araki pamoja na Mtume (s.a.w.), naye akawaelekeza wachague yaliyo meusi, kwani ndiyo mazuri zaidi. Walipomuuliza iwapo aliwahi kuchunga, akawajibu kuwa hakuna Nabii ambaye hakuchunga.

Faida yake kubwa kwetu ni usafi wa kinywa, sunna iliyosisitizwa hasa wakati wa udhu na swala. Ukali unaousikia ulimini hutokana na kemikali ya jamii ile ile ya ukali wa haradali, nayo hupambana na vijidudu. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya mswaki pale ambapo ni desturi ya watu.

Namna ya kuutumia ni nyepesi. Chukua kijiti kinene kama kidole kidogo, menya ganda la ncha kiasi cha sentimita moja, kisha tafuna mpaka nyuzi zichanue. Kikikauka, kiloweke majini. Nyuzi zikichakaa, kata ncha hiyo na uanze nyingine.

Hata hivyo, vijiti bora hupatikana mizizini, na hapo ndipo penye hatari. Anayechimba shina zima hupata miswaki ya siku moja na kuondoa kichaka kilichohitaji miaka kukua. Anayekata vijitawi, au mzizi mmoja wa pembeni na kuufukia upya, atarudi tena mwakani. Tuwafundishe watoto wetu kuishika sunna hii pamoja na adabu ya kuuchuma mti wake, ili wajukuu nao waukute.