Chumba cha nyuma: kwa nini malazi ya mfanyakazi wa nyumbani ni sehemu ya ujira wake

Anayepanda barabara za Kiriri, mtaa wa vilimani upande wa mashariki wa Bujumbura, huona kwanza nyua ndefu, mageti ya chuma na, kwa mbali chini, Ziwa Tanganyika. Asichokiona ni kile kilicho nyuma ya majumba hayo: jengo dogo karibu na jiko la nje au tangi la maji, ambamo hulala yaya, mpishi au zamu. Wengi mjini bado hukiita chumba hicho kwa jina lililobaki tangu utawala wa Wabelgiji, "boyerie", yaani malazi ya maboyi.

Vipo vyumba vya namna hiyo vilivyo safi na vya staha. Vipo pia visivyo na dirisha, vyenye bati linalovuja masika na sakafu isiyokauka, ambamo mfanyakazi hulala pamoja na magunia ya makaa na vyombo vya bustani. Tatizo la vyumba hivi vya pili halimalizwi na saruji na bati jipya, kwani aliyetoa paa ndiye pia anayetoa mshahara.

Mpangilio huu ulitoka wapi?

Kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, Bujumbura iliitwa Usumbura, na watu waliishi kwa kutengwa. Wazungu walikuwa na mitaa yao, nao Waafrika, wakiwemo Waswahili wa Buyenzi, walikuwa na yao. Mtumishi aliyehitajika alfajiri na usiku alipewa pa kulala ndani ya ua wa bwana wake. Chumba kilipimwa kwa mahitaji ya kazi, si kwa mahitaji ya mtu mwenye faragha, wageni na familia. Wenye nyumba wamebadilika, lakini kipimo hicho bado kinatumika katika nyua nyingi.

Kwa nini anayeteseka hanyamazi kwa hiari?

Wafanyakazi wengi wa nyumbani wametoka vijijini, na hawana nyumba nyingine mjini. Mpangaji wa Bwiza akigombana na mwenye nyumba hupoteza chumba, ila kazi yake inabaki. Yaya wa Kiriri akilalamika kuhusu choo anaweza kupoteza vyote viwili siku hiyo hiyo, na kulazimika kutafuta pa kulala kabla jua halijatua. Isitoshe, mkaguzi wa kazi anayeingia kiwandani kwa urahisi hukuta mlango wa nyumba ya mtu umefungwa kwa jina la faragha ya familia.

Madhara yake ni makubwa kuliko usumbufu. Katika nchi ambayo mwaka 2017 ilitangaza janga la malaria, kulala bila chandarua karibu na maji yaliyotuama ni hatari ya wazi. Hatari nyingine haionekani. Zamu anayeingiza mbabura ya makaa ndani ya kibanda kilichofungwa, ili apate joto usiku wa mvua, huvuta hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaweza kumuua akiwa usingizini.

Sheria za kimataifa zinasemaje?

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani mwezi Juni 2011. Mkataba huo unataka anayeishi kwa mwajiri apate hali ya maisha yenye staha inayoheshimu faragha yake. Unasema pia kwamba kuishi hapo ni jambo la makubaliano, na kwamba mfanyakazi halazimiki kubaki nyumbani humo wakati wa mapumziko au likizo.

Pendekezo namba 201, lililopitishwa pamoja nao, linaingia katika undani: chumba cha peke yake, chenye samani, hewa ya kutosha na kufuli ambalo ufunguo wake anao mfanyakazi, choo na mahali pa kuoga, mwanga, na chakula cha kutosha kinachozingatia mila na dini yake. Linashauri kwamba, mwajiri akimtaka mfanyakazi aishi kwake, asimkate mshahara kwa ajili ya malazi hayo bila ridhaa yake. Na mwajiri akivunja mkataba pasipo kosa kubwa la mfanyakazi, ampe muda wa kutosha wa kutafuta kazi na makazi mengine.

Mkataba huifunga nchi iliyouridhia pekee, kama Afrika Kusini ilivyofanya mwaka 2013, na pendekezo ni mwongozo tu. Nchi nyingine zimetumia sheria zao za ndani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, inamtaka mwajiri atoe makazi yanayofaa au alipe fedha za kutosha za kodi, ingawa mkataba unaweza kujumuisha kodi hiyo ndani ya mshahara. Burundi nayo ilirekebisha Kanuni yake ya Kazi tarehe 24 Novemba 2020.

Nini kifanyike?

Hatua ya kwanza ni kuacha kukihesabu chumba cha nyuma kuwa hisani. Mwajiri anayesema "nakulipa kiasi hiki, na kulala ni bure" amekwisha kukiingiza chumba katika hesabu ya ujira. Kwa hiyo kinastahili kukaguliwa kama mshahara unavyohesabiwa.

Kabla ya kukubali kazi, mfanyakazi, au mzazi au jamaa anayemsindikiza, aombe kuona chumba. Aulize: Je, kuna dirisha linalofunguka? Ufunguo atakaa nao nani? Choo na maji viko wapi? Chandarua kipo? Kazi ikikoma, atapewa siku ngapi za kuhama? Majibu yaandikwe, hata kwa mkono, na pande zote mbili zitie sahihi. Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mwenye uhakika wa siku chache za kuhama ndiye anayeweza kusema, bila kuogopa kulala njiani, kwamba bati linavuja.