Lori la Petroli Likipinduka

Wengi wetu katika shule hii twakaa karibu na barabara kuu, na kila siku twaona malori ya petroli yakipita kwenda bara. Mengine huenda mbali, hata Zambia, Rwanda na Kongo. Lori likipita salama hakuna anayeligeukia. Lakini likipinduka, watu hutoka pande zote na madumu na ndoo, watoto mbele. Nimeona yafaa nieleze katika gazeti letu kwa nini mkusanyiko huo huua, na mtu afanye nini badala yake.

Kwanza tukumbuke yaliyotokea. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, nchini Kenya. Watu walikwenda kuteka mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 2 Julai 2010, katika mji mdogo wa Sange, mashariki ya Kongo, walikufa zaidi ya 200. Baadhi yao hawakuwa wakiteka chochote. Walikuwa ndani ya nyumba wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Kisha, tarehe 10 Agosti 2019, ikawa zamu yetu, pale Msamvu, Morogoro. Rais John Magufuli alitangaza siku 3 za maombolezo. Majeruhi wengi walipelekwa Muhimbili, na hesabu ya waliokufa iliendelea kupanda siku baada ya siku hata ikapita 100.

Msomaji atauliza: Mbona watu hao hawakukimbia walipoona moto? Jibu ni kwamba hawakupata nafasi ya kuuona. Petroli yenyewe, ile maji-maji, siyo inayowaka. Unaowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Nayo hutoa mvuke huo hata katika baridi kali kuliko ile ya kilele cha Kilimanjaro, sembuse katika jua letu la mchana! Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 au 4. Kwa hiyo haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini, ukafuata mitaro na mabonde, ukaingia hata uvunguni mwa nyumba. Macho hayauoni. Mtu aliyesimama mbali na lori aweza kuwa amezungukwa nao mpaka magotini, naye adhani yu salama.

Basi hapo hutosha cheche moja tu. Yaweza kutoka katika sigara, injini ya pikipiki, betri ya gari, jiko la mama ntilie, au chuma kilichogongana na chuma. Cheche ikipata mvuke, moto hurudi mbio mpaka kwenye tangi, na wote waliosimama kati huungua kwa mara moja. Ndiyo sababu haifai kusema, "Nitateka kidogo niondoke."

Najua kwamba dumu la lita 5 ni fedha ya mboga kwa siku kadhaa, na si haki kumcheka maskini. Lakini wazee walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Tena mafuta yale yana mwenyewe, na dereva wake pengine amelala pale akivuja damu. Kumruka mtu aliyeumia ili kufikia mali si desturi ya watu waungwana.

Sasa, tufanye nini? Naeleza kwa utaratibu.

Kwanza, kaa mbali. Petroli ikimwagika kwa wingi, watu wasogee angalau meta 300, yaani kama viwanja 3 vya mpira. Tangi likishika moto, wasogee meta 800. Elekea upande upepo unakotoka, tena mahali palipoinuka, wala usikimbilie mtaroni. Majirani wazime majiko, na pikipiki zisiwashwe karibu.

Pili, piga simu ukiwa mbali. Hapa Tanzania polisi ni 112, na zimamoto ni 114. Taja mahali hasa: jina la kijiji, daraja, au jiwe la kilometa. Lori likiwa na kibao cha rangi ya chungwa, soma namba yake kwa mbali. 1203 maana yake ni petroli. Zimamoto wakijua mapema watakuja na povu, maana petroli huelea juu ya maji, na kuimwagia maji ni kuutembeza moto.

Tatu, yazuie magari mengine pande zote mbili. Tumia pembetatu za kuonya, au matawi ya miti kama ilivyo desturi yetu, yakiwekwa mbali ili dereva apate nafasi ya kufunga breki.

Nne, wahudumie waliotoka. Mtu akiwaka nguo asikimbie. Ajilaze na kujivingirisha chini. Aliyeungua apoeshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Mvue pete na saa kabla hajavimba, lakini usibandue nguo iliyogandamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, unga, mayai wala mafuta. Mfunike kwa kitambaa safi. Anayetoka damu, bonyeza jeraha kwa nguvu mpaka msaada ufike. Aliyemeza petroli asitapishwe. Aliyeumia shingo au mgongo asiinuliwe, isipokuwa pale alipo kuna hatari kubwa zaidi.

Swali gumu ni hili: Je, aliyebanwa ndani ya lori linalovuja aachwe? Moyo wakataa, nami wangu pia. Lakini umati ukimwendea, atakufa yeye na wao. Msaada mkubwa tuwezao kumpa ni kuwaondoa watu na kila kitoa cheche, na kuwaita upesi wenye vifaa. Lori lisilovuja ni jambo jingine. Hapo watu wazima wachache waweza kumsaidia.

Watu husema ajali haina kinga. Kupinduka kwa lori huenda kusiwe na kinga, lakini vifo vile vya Msamvu vilikuja baada ya lori kupinduka, na kinga yake ilikuwa kukaa mbali tu. Nawaomba wanafunzi wenzangu, likizo hii, tuwaeleze wadogo zetu nyumbani jambo hili, maana mtoto akiona umati hukimbilia umati. Na wazazi wetu nawaomba kwa heshima: siku hiyo ikifika, msimtume mtoto na dumu.

Mwanafunzi, Kidato cha III