Mtoto Huondoka Bwenini na Nini?

Kila shule zinapofunguliwa, vituo vya mabasi hujaa masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa, na akina mama wanaowaagiza watoto wao maneno yale yale ya miaka yote: soma kwa bidii, waheshimu walimu. Mzazi amekwisha kuhesabu ada, sare, shuka, sabuni na ndoo. Lakini liko jambo moja lisiloandikwa katika orodha yoyote ya vifaa, nalo ni maisha yenyewe ya bweni. Mtoto atakula, atalala na kuamka kwa miaka mingi pamoja na wenzake ambao hakuwachagua. Je, atakapotoka, atakuwa amechukua nini zaidi ya cheti?

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Ili tuone ukweli wa maneno hayo, tutazame maisha ya mwanariadha mmoja wa Burundi, ambaye shule ya bweni ilimpa miguu ya bingwa, kisha ikampa jeraha la kudumu.

Kibimba

Gilbert Tuhabonye alizaliwa mwaka 1974 huko Songa, katika eneo la Bururi, kusini mwa Burundi. Masomo ya sekondari yalimpeleka mbali na kwao, hadi shule ya bweni ya Kibimba, katika mkoa wa Gitega, mkoa ule ule wenye Itaba. Misheni ya Kibimba ilianzishwa mwaka 1934 na wamisionari Wakweka kutoka Kansas, Marekani, na kwa miaka mingi wazazi wa Kiprotestanti waliitazama kama mahali pa elimu na malezi mema.

Hapo ndipo kijana huyo alipoanza kushindana. Mbio zake za kwanza, za kilomita 8, alizikimbia miguu mitupu. Kabla hajamaliza shule alikuwa bingwa wa taifa wa mita 400 na mita 800.

Si ajabu kwamba wanariadha wengi hutoka mabwenini. Mkimbiaji huhitaji kuamka kwa saa ile ile kila siku, kulala mapema, na kuwa na mwenzake wa kumkimbiza pale anapotaka kulegea. Nyumbani, shamba, mifugo na wadogo zake humdai wakati wake. Bwenini, kengele humpangia siku nzima. Mwanzoni mtoto huichukia kengele hiyo. Baadaye huisikia ndani ya mwili wake hata mahali pasipo na kengele.

Oktoba 1993

Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kushika urais wa Burundi, naye alikuwa amechaguliwa na wananchi mwezi Juni mwaka huo, aliuawa na wanajeshi walioiasi serikali. Habari hizo ziliwasha moto nchi nzima. Siku ile ile makumi ya wanafunzi na walimu wa Kitutsi wa Kibimba walikamatwa, wakapigwa, wakafungiwa katika jengo la kituo cha petroli, nalo likachomwa moto. Miongoni mwa waliowashambulia walikuwamo watu waliowafahamu kwa sura na kwa majina.

Tuhabonye, aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka 19, alikaa saa nyingi chini ya miili ya wenzake. Usiku alivunja dirisha, akaruka nje huku mwili wake ukiungua, akakimbia gizani. Miguu iliyofunzwa kwa ajili ya medali ikafanya kazi ambayo hakuna mwalimu aliyeifikiria.

Tusije tukadhani kwamba kilio kilikuwa cha kabila moja. Wahutu wengi nao waliuawa katika siku za kisasi zilizofuata, na mwezi Septemba 2002, huko huko Itaba, raia zaidi ya 170 waliuawa na askari wa jeshi. Kila kilima cha Gitega kina watu wake wa kuwakumbuka. Kibimba pamejengwa ukumbusho, nao una maneno ya Kifaransa yenye maana kwamba jambo hili lisitokee tena kamwe.

Alichokichukua

Mwaka 1996 Tuhabonye alikwenda jimbo la Georgia, Marekani, kufanya mazoezi. Ndio mwaka ambao Vénuste Niyongabo alishinda mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta na kuipatia Burundi medali yake ya kwanza. Kisha alijiunga na Chuo Kikuu cha Abilene Christian huko Texas, akakimbilia timu ya chuo, akahitimu mwaka 2001. Alihamia Austin, na mwaka 2002 akaanzisha kundi la wakimbiaji aliloliita Gilbert's Gazelles, yaani swala wa Gilbert.

Hapo msomaji ataona bweni likirudi kwa sura nyingine. Watu wazima, wenye kazi na familia, huamka alfajiri, hukutana mahali pamoja, huvutana ili asibaki mtu nyuma. Nidhamu aliyopewa akiwa kijana ndiyo aliyoigeuza kuwa riziki.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 2006, This Voice in My Heart, alieleza kwamba alichagua kusamehe. Mwaka huo huo alishiriki kuanzisha Gazelle Foundation, mfuko unaotumia michango ya wakimbiaji kupeleka maji safi ya mabomba katika vilima vya Burundi. Maji hayo hunywewa na Wahutu, Watutsi na Watwa kutoka bomba moja.

Neno kwa mzazi

Hatuandiki haya ili kuwatisha wazazi. Mabweni yamewakutanisha watoto wa mbali na kuwafanya ndugu. Lakini jirani wa kitandani hawi ndugu kwa sababu tu amelala karibu. Udugu hufundishwa, na chuki nayo hufundishwa, aghalabu kwa utani ambao mwalimu anausikia na kuunyamazia, au kwa maneno ambayo mtoto ameyabeba kutoka mezani kwetu.

Kwa hiyo, mzazi, siku ya kumtembelea mwanao, usiulize alama peke yake. Muulize anagawana chakula na nani, nani humsaidia anapougua, na wanaitana majina gani taa zinapozimwa. Naye mwalimu wa zamu asikilize milango ya mabweni kama anavyosikiliza madarasa.

Mtoto huyo atasahau hesabu nyingi alizofundishwa. Aliyoishi na wenzake ataondoka nayo, na siku moja atatuletea nyumbani.